Mama Suuza na Kunde za Wifi Yake

Pampu ilikuwa ya mumewe. Alipofariki, watu walidhani mjane ataiuza pamoja na baiskeli, na wawili watatu walikuja kuiulizia kabla hata viti vya msiba havijarudishwa vilikoazimwa. Aliwasikiliza, akawapa chai, akawasindikiza mpaka njiani. Asubuhi yake akaitia pampu mgongoni akaenda kupulizia mahindi ya mwalimu mmoja aliyekuwa amekubaliana na marehemu. Mikanda ilimpwaya, pampu ikamgonga kiunoni siku nzima kama mtoto asiyetaka kubebwa. Alirudi mabega yamechubuka, akakaa kizingitini, akaipunguza mikanda kwa sindano na uzi wa kushonea magunia. Tangu siku hiyo hakuna aliyemwuliza tena bei.

Jina la Mama Suuza alipewa na wenye mashamba. Wapulizia dawa wengine wakimaliza kazi ya mtu hunawa mikono, wakashika njia. Yeye ataomba ndoo tatu za maji. Ya kwanza anaitia kwenye pampu, anatikisa, anaipulizia pembeni penye majani makavu. Ya pili anatia sabuni ya unga. Ya tatu anafungua pua ya pampu, anatoa kile kichujio kidogo kama kifuniko cha chupa, anakisugua kwa mswaki aliokuwa anauweka mfukoni kwa kazi hiyo tu. Maji ya suuza hayamwagi mtoni wala karibu na kisima, hata umwombe vipi.

"Mama, hiyo pampu unaiosha au unaiandaa kuzikwa?" aliwahi kumwuliza mwenye duka la pembejeo.

"Naiosha nisije nikakuzika wewe," alijibu, na dukani wakacheka mpaka mizani ikayumba.

Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye kutembea haraka, na mwenye kukumbuka. Ukimwuliza shamba la fulani lilipuliziwa lini na dawa gani, atakuambia, na atakuambia pia siku hiyo upepo ulikuwa unatoka upande gani. Daftari hakuwa nalo. Alisema daftari huliwa na mchwa, kichwa huliwa na mwenyewe.

Sasa, pamoja na sifa zote hizo, lilikuwapo shamba moja alilokuwa hajaruhusiwa kulitia hata tone. Nalo lilikuwa la wifi yake.

Wifi alikuwa dada mkubwa wa marehemu, naye mjane, fundi cherehani, mwanamke mrefu aliyenyooka kama rula yake ya mbao. Cherehani yake ilikaa kwenye chumba cha mbele, na dirisha lake lilitazama shamba. Hapo alishona sare za shule mwaka hadi mwaka, mguu ukikanyaga, jicho moja kwenye sindano na jingine kwenye kunde. Shamba hilo liliachwa na baba yao. Marehemu mumewe Mama Suuza alijifunza kutembea katikati ya matuta yale, na alipooa, hapo ndipo alipomleta mke wake mara ya kwanza, akamwonyesha kunde kabla ya kumwonyesha nyumba. Mama Suuza hakuwahi kulisahau hilo. Ukitoa pampu, lile shamba ndilo kitu pekee kilichobaki ambacho mumewe alikigusa kwa mikono yake.

Na shamba lilikuwa linakufa. Mwaka wa saba huo kunde zilikuwa zinaota vizuri, zinatanda, zinatia moyo, halafu zikikaribia kutoa maua zinasimama. Majani yanakuwa ya njano, maganda yanatoka mafupi yenye punje mbili za kuomba radhi. Hapo ndipo chini ya mashina huchomoza kile kijimmea chenye manyoya na maua ya manjano, kizuri cha kutazama, kama kimepandwa na mtu. Hilo ndilo gugu mnyonyaji. Halihangaiki kutafuta chakula chake udongoni kama mimea yenye adabu. Linashika mzizi wa kunde, linatia mdomo, linakula.

Kila msimu Wifi alitoka na jembe lake akaling'oa moja moja, akalikung'uta udongo, akalitupa mpakani. Alifanya hivyo maua yakiwa yameshakauka. Mbegu za gugu lile ni vumbi tupu, kishina kimoja kina maelfu, na hulala ardhini miaka zikingoja mzizi upite. Kwa hiyo Wifi alikuwa anapanda huku akijiona anapalilia. Nani wa kumwambia?

Mama Suuza alijua kwa sababu aliwahi kwenda kwenye shamba la mfano la Bwana Shamba. Walienda wanawake ishirini. Mvua ilipoanza walibaki wanne, ilipokazana akabaki yeye. Bwana Shamba, maji yakimtiririka puani, alichimba shina la kunde lililokuwa zima kabisa, la kijani, akaliosha mizizi kwenye ndoo. Mzizini kulikuwa na vifundo vidogo vya rangi ya chungwa. "Mama, unaona? Hapa juu hakuna kitu. Likitokeza juu limeshashiba. Dawa inapigwa sasa, wakati shamba linaonekana zima, na inapigwa kidogo sana. Jani la kunde linainywa, inashuka mpaka mzizini, inamkuta mnyonyaji mezani. Ukizidisha, umeua mwenye nyumba pamoja na mgeni." Mama Suuza alirudi nyumbani ameloa chapachapa, na maneno yale kichwani hayakuloa.

Akampelekea Wifi habari. Wifi akamsikiliza mpaka mwisho wa mshono.

"Kwa hiyo unataka kumtibu asiyeumwa."

"Anaumwa, wifi. Haonyeshi tu."

"Na dawa yenyewe ni ya kuua magugu."

"Ndiyo."

"Na kunde ni nini, waridi?"

Ikaishia hapo mwaka huo, na mwaka uliofuata, na mwingine. Wakawa wanaliongea kama watu wanavyoongea juu ya ndugu aliyekopa akahama. Mama Suuza akipita na pampu, Wifi anaita kutoka dirishani: "Pita mbali na kunde zangu, zisije zikakuona zikazimia." Naye anajibu: "Zimeshazimia, wifi, mimi nakuja kutoa pole." Watu waliosubiri sare zao walikuwa wanakuja mapema ili wasikose.

Mzaha ulikoma mafundi wa tofali walipopanda kuja juu. Walikuwa chini kwenye bonde, wanachimba udongo wa mfinyanzi, na kila mwaka mashimo yao yalisogea. Walikopita palibaki madimbwi na vyura. Msimamizi wao, ambaye kila mtu alimwita Bwana Tofali, alikuja barazani kwa Wifi amevaa shati safi, akasifu cherehani, akasifu nyumba, mwisho akasema udongo wa lile shamba ni mzuri sana kwa kazi yao.

Wifi hakumfukuza. Hilo ndilo lililomshtua Mama Suuza aliposikia. Wifi alimwambia, "Ngoja msimu huu upite. Kunde zikininyima tena, njoo na kamba yako upime. Nimechoka kulima njaa."

Mama Suuza alikwenda siku hiyohiyo. Alimkuta Wifi anakata kitambaa cha sketi mezani, akasimama upande wa pili wa meza asijue aanzie wapi. Akaangalia mkasi.

"Wifi, ukikata kwapa, ukizidisha nusu kidole, inakuwaje?"

"Mtoto hainui mkono."

"Na ukipunguza?"

"Linaning'inia kama gunia. Unataka kujifunza ushonaji uzeeni?"

"Nataka kukwambia dawa yangu ni hivyohivyo. Kizibo kimoja kwa pampu nzima. Nikizidisha, nimekata kwapa vibaya. Siwapi watu kazi hii, naifanya mwenyewe, kizibo napima kwenye kimo cha jicho. Wewe unajua watu wanaopima. Mimi ni mmoja wao."

Wifi aliendelea kukata mpaka mwisho wa kitambaa. Mkasi ule ulikuwa na mlio wake, na Mama Suuza aliuhesabu.

"Jumamosi," Wifi akasema. "Na ndugu yangu akiniuliza huko aliko, nitasema ni wewe."

Hapa ndipo penye kosa, na ni kosa ambalo mtu mwingine yeyote angelifanya watu wangesema alikuwa hajui. Alhamisi Mama Suuza alikuwa amemwazima pampu mwenye mashine ya kusaga, ambaye alitaka kuua magugu ndani ya mahindi yake. Dawa ya mahindi ni ya aina nyingine kabisa. Mahindi haiyagusi, lakini chochote chenye majani mapana inakisokota, na kwa kunde hata harufu yake ni balaa. Tena ina mafuta, inajificha kwenye mrija, haitoki kwa maji matupu. Inataka sabuni, inataka kulala na sabuni usiku kucha. Mwenye mashine alirudisha pampu Ijumaa jioni inameta. "Nimeosha, mama, kama ulivyonifundisha."

Alikusudia kuilaza na sabuni. Ijumaa hiyo ikapita kwa mambo ya Ijumaa, akasema asubuhi ataamka mapema aisugue vizuri. Asubuhi, kabla hajamaliza chai, Wifi alikuwa mlangoni amejifunga kanga kichwani na kitambaa puani, kama anayekwenda kufukuza nyuki.

"Bado unakunywa chai?"

"Nisuuze kwanza pampu, wifi."

"Si imeoshwa hiyo? Inang'aa kuliko sufuria zangu. Wifi, kama ni leo ni sasa. Kesho nitakuwa na akili zangu."

Miaka mingapi alikuwa ameingojea ndiyo hiyo? Akaona ikipoa, itaganda. Akatia maji ndoo moja, akatikisa, akamwaga, akanusa mdomo wa pampu. Hakusikia kitu. Akavaa gambuti na glavu, wakaenda.

Walipulizia vizuri mno. Upepo ulikuwa umelala. Alipima kizibo mbele ya macho ya Wifi, Wifi akainama kuangalia kama anavyoangalia mstari wa futi, akasema, "Hapo." Kunde zilikuwa nzima, kijani kibichi, na wapita njia wakasimama kushangaa mwanamke anapiga dawa ya magugu shamba lisilo na gugu. Mmoja akasema, "Haya ndiyo mambo ya wajane wawili wakikosa kazi." Wifi akamjibu bila kugeuka, "Suruali yako iko kwangu tangu mwezi jana. Sema tena." Yule mtu akaenda zake. Mama Suuza alicheka mpaka miwani yake ya kazi ikaingia ukungu. Alikuwa na furaha, hilo lazima lisemwe. Alitembea kwenye matuta yale na pampu ya mumewe mgongoni, na dada yake mumewe nyuma yake, na hakuhitaji zaidi.

Siku ya tatu alipita kuangalia. Mistari ya juu, ile waliyoanza nayo, majani yalikuwa yamejikunja kama vikombe. Vikonyo vimepinda, vichwa vinatazama chini. Alisimama. Hakuhitaji kuuliza mtu. Alikuwa ameshaona mimea iliyosokotwa hivyo kwenye mipaka ya watu wasiosuuza, na ameshawasema watu hao mbele za watu.

Wifi alikuja kusimama kando yake.

"Umeona? Gugu limeanza mapema mwaka huu. Limetuwahi."

"Labda," akasema Mama Suuza.

Neno moja hilo alilibeba siku mbili, na lilikuwa zito kuliko pampu iliyojaa. Angeweza kuliacha palepale. Gugu halina mdomo wa kujitetea, na mwenye mashine ya kusaga angeapa alisuuza. Lakini akilala analiona shamba, na akiliona shamba anamwona Bwana Tofali na kamba yake. Na Wifi angesema: dawa imeshindwa, gugu limeshinda, chukua. Shamba lingechimbwa kwa kosa lisilo lake. Mficha maradhi kifo humuumbua, na hapa atakayekufa si yeye.

Alimkuta Wifi amepiga magoti mbele ya mwanasesere wa mbao wa kuvalishia nguo, anapandisha pindo la gauni. Alikuwa na pini tano mdomoni. Mama Suuza akaona heri aseme sasa kabla hazijatoka.

"Wifi, si gugu. Ni mimi. Pampu ilikuwa na dawa ya mahindi ndani. Nilimwazima mtu, ikarudi, sikuilaza na sabuni. Nilitia ndoo moja tu. Niliogopa utaghairi. Mistari ya juu nimekuchomea mwenyewe, kwa mkono wangu."

Wifi alibaki kwenye magoti. Akatoa pini ya kwanza, akaichomeka kwenye pindo. Ya pili. Ya tatu ilikwenda mahali pake, akainyoosha kidogo. Zilipokwisha akainuka kwa kushika meza.

"Juzi uliniambia labda."

"Nilisema."

"Tangu uolewe kwetu hujawahi kukubaliana nami upesi hivyo. Nikajua kuna kitu." Akafuta mikono kwenye kanga. "Na wewe ndiye Mama Suuza."

"Ndiye."

"Twende ukanionyeshe pampu ya kwanza iliishia wapi."

Wakaenda. Mama Suuza alikumbuka, kwa sababu alikumbuka kila kitu: palikuwa na jiwe, na hapo ndipo alipoijaza tena. Kabla ya jiwe mistari kumi, imejikunja yote. Baada ya jiwe mistari miwili imenyong'onyea kidogo, halafu ishirini imesimama vizuri. Pampu ya kwanza ilikuwa imejisafisha kwenye kunde za watu.

"Kumi umenichomea," Wifi akasema. "Hizi nyingine je?"

"Hizi nyingine sijui, wifi. Kilichomo ndani ya mzizi hakionekani."

"Basi chimba tuone."

Hakungojea. Alichuchumaa yeye mwenyewe na nguo zake za kazini, uzi ukining'inia begani, wakachimba shina moja kwa vidole wasikate mzizi, wakalitia kwenye ndoo ya maji. Udongo ukashuka. Vifundo vilikuwapo, vitatu, lakini viwili vilikuwa vyeusi, vimesinyaa kama zabibu kavu, na kimoja kilikuwa laini. Wifi alipokigusa kwa ukucha kikapasuka kikatoa maji.

Akakiweka kiganjani. Miaka saba alikuwa anagombana na maua, na huyu hapa ndiye mwenyewe.

"Kumbe unakaa huku," alikiambia kile kifundo. "Kikulacho ki nguoni mwako. Mimi nakusubiri mlangoni, wewe umo chumbani."

Kutoka hapo walikuwa wanachimba shina moja kila Jumapili baada ya kufua. Hawakuongelea yale mengine. Mama Suuza alikuja bila pampu, na Wifi hakumtania kutoka dirishani, na ukimya ule ulimuuma kuliko matusi. Mistari kumi ikakauka, ikasimama pale kama vijiti. Kila aliyepita aliviona, na kila aliyeviona aliuliza, na Wifi aliwajibu wote jibu moja: "Zimepata ajali." Hakumtaja mtu.

Wakati wa gugu ukafika. Kwa majirani lilichomoza kama kawaida, shamba zima manjano. Kwa Wifi, katika ile mistari ishirini, walihesabu vishina kumi na saba. Waliving'oa vikiwa bado havijafungua ua hata moja, Mama Suuza akivitia kwenye mfuko wa nailoni moja kwa moja bila kukung'uta, wakavichoma kwenye jiko la mkaa. Kunde zikaendelea. Zikatoa maua, maua yakawa maganda, maganda yakarefuka mpaka yakalala juu ya majani. Punje kumi na mbili, kumi na nne. Wifi alipasua la kwanza akiwa amesimama, akahesabu, akapasua la pili akahesabu tena, kwa sababu hakuliamini la kwanza.

Bwana Tofali alikuja siku ya kuvuna. Alikuwa na kamba begani na mtu wa kumshikia ncha. Aliwakuta wawili hao barazani wamekaa mkekani, maganda yamerundikana kati yao, wanapukuchua. Akatazama rundo, akatazama shamba.

"Nasikia mmelitia sumu," alisema.

"Karibu," Wifi akamjibu.

"Starehe. Sasa mama, kuhusu yale mazungumzo yetu."

"Tulisema kunde zikininyima. Zimeninyima hizi?"

Alikuwa mtu wa kazi, hakukata tamaa upesi. Akanyoosha kidole kwenye mistari kumi iliyokauka. "Basi hapo juu. Pale pameungua, hata wewe unaona. Kipande kile tu, hakitawasaidia kitu tena. Nichimbe pale, hapa chini mlime."

Mama Suuza aliinamisha kichwa. Kila neno lilikuwa kweli, na kila neno lilirudi kwenye kosa lake. Akangoja Wifi aseme ndiyo, maana angekuwa na haki ya kusema ndiyo, na yeye asingekuwa na mdomo wa kumkatalia.

Wifi aliendelea kupukuchua. "Mambo ya shamba hili siku hizi siyasemi mimi," alisema. "Muulize mwenye dawa."

Ilimchukua Mama Suuza muda kuelewa kuwa ni yeye anayeulizwa. Bwana Tofali naye alimgeukia taratibu, kama mtu aliyeambiwa ofisi imehama.

"Pale hapachimbwi," alisema, sauti ikamtoka ndogo, akakohoa, akairudisha. "Ile dawa haikai, mvua mbili tatu imekwisha. Msimu ujao pale panaingia mahindi. Mahindi haiyadhuru, na gugu lenyewe haliyali. Likae huko chini lifunge."

"Na baada ya hapo?" akauliza Bwana Tofali.

"Baada ya hapo kunde."

"Na pampu ya kuzipigia dawa?" akauliza tena.

"Itasuuzwa," akasema Wifi, "usiwe na wasiwasi na pampu ya watu."

Bwana Tofali akakunja kamba yake, akasema msimu mwingine atapita tena. Wifi akamwambia apite, njia ni ya wote. Walimtazama mpaka akashuka bondeni na mtu wake, kisha wakarudi kwenye maganda. Wifi alipasua matatu, Mama Suuza bado alikuwa kwenye la kwanza. Alishika ganda lilelile, analigeuza, halifunguki, na machozi yakaanza kudondoka mkekani, moja baada ya jingine, bila sauti.

Wifi aliusogeza ungo mbali naye.

"Lia pembeni, wifi," akamwambia. "Ukizilowesha zitaota, na mimi mbegu nataka kavu."